Tunajua Ngeli, Hatujui Miti

Swali lililonifanya niandike andiko hili liliulizwa na mtoto wa miaka saba, ndani ya gari, kwenye barabara ya Lubumbashi kwenda Likasi. Mdogo wangu wa mwisho alikuwa ameegemea dirisha tangu tulipovuka peaji. Akanionyesha mti uliosimama peke yake kando ya barabara, wenye majani mapana na matunda yaliyoshikana na matawi, akasema: "Yaya, ule muti banaitaka namna kani?"

Nikajibu: "Ni muti tu."

Akangoja kidogo, kisha akauliza tena: "Muti ya nini?"

Gari zima likacheka. Baba, mikono ikiwa kwenye usukani, alisema kwa kunitania kwamba miaka yote hii analipa masomo ya lugha za Kiafrika, kumbe analipia neno moja ambalo mtoto alikuwa nalo tayari. Mimi pia nilicheka. Lakini kicheko kilipoisha, mtoto alikuwa bado ananitazama, na mti ulikuwa umeshabaki nyuma.

Nina miaka 24 na niko mwaka wa mwisho katika idara ya lugha za Kiafrika. Ukiniamsha usiku nitakuambia kwamba katika mpangilio wa Guthrie Kibemba ni M42, Kilamba ni M54, Kisanga ni L35, Kiluba cha Katanga ni L33, na Kiswahili chenyewe ni G42. Nitakuambia kwamba miti inakaa katika ngeli ya tatu na ya nne, na kwamba shina la neno mti linasikika kutoka kwetu hadi Afrika ya Kusini, ambako Wazulu wanasema umuthi. Yote hayo nilikuwa nayo kichwani siku ile. Nilichokosa ni jina la mti mmoja unaoota mwendo mfupi kutoka ukumbi tunamosomea.

Hoja yangu basi ni hii: masomo yetu yanatufundisha kuchambua majina, lakini hayatufundishi kuyakusanya, na majina yenyewe yanaondoka pamoja na watu wanaoyajua. Nafikiri kosa hilo sisi wanafunzi tunaweza kulirekebisha wenyewe, bila kungoja fedha wala amri kutoka juu. Lakini kwanza nimalize kusimulia safari, kwa sababu hoja hii sikuipata darasani.

Tulikuwa tunaenda kumchukua Nkambo, mama mzazi wa mama yangu. Anaishi Likasi, upande wa Panda, katika nyumba aliyoachiwa na marehemu mume wake aliyefanya kazi ya migodi. Alizaliwa upande wa Sakania na lugha ya utoto wake ni Kibemba. Siku hizi macho yake yameingia ukungu. Anaona mwanga na vivuli, lakini uso wa mtu anautambua kwa sauti. Mama aliamua aje Lubumbashi aonwe na daktari wa macho. Kwa hiyo Jumamosi moja, mwisho wa mwezi wa kumi, tulijipakia watu sita katika gari la baba, na kiti kimoja tukakiacha wazi kwa ajili yake.

Ni safari ya kilomita 120 hivi. Wengi wetu tunaifanya tukiwa tumelala au tunatazama simu, na nakiri kwamba mimi pia huwa hivyo. Safari hii mtoto hakuniruhusu. Kwa hiyo niliiona barabara. Mwezi wa kumi, kabla mvua hazijashika, msitu wetu unatoa majani mapya, nayo hayatoki kijani: yanatoka mekundu, mengine rangi ya shaba, mengine rangi ya divai. Ukipanda kilima unauona msitu wote chini yako umewaka, na siku chache baadaye rangi ile inageuka kijani kana kwamba haikuwapo. Kando ya barabara kuna magunia ya makala yamepangwa mawili mawili, vichwa vyake vimefungwa kwa majani. Malori ya shaba na kobalti yanashuka kuelekea Kasumbalesa, moja baada ya jingine, na vumbi lake linakaa juu ya majani. Lwisha inapita na milima yake ya udongo uliochimbwa. Halafu daraja la Lufira, na upande wa Kapolowe wanawake wenye samaki wa Tshangalele, ziwa ambalo lisingekuwapo kama mto usingezuiwa kule Mwadingusha kwa ajili ya umeme, mwaka 1930.

Likasi yenyewe ni mji ninaoupenda kuliko ninavyokiri mbele ya rafiki zangu wa Lubumbashi. Una vilima, una barabara pana zenye miti mikubwa pande zote mbili, una nyumba za zamani zenye baraza, na watu wake bado wanasimama kusalimiana mpaka salamu iishe. Kwa miaka mingi uliitwa Jadotville, kwa jina la mhandisi Mbelgiji Jean Jadot. Mwaka 1966 ukarudishiwa jina la Likasi, katika mwaka uleule ambao Elisabethville iliacha jina la malkia na kuitwa Lubumbashi. Darasani tunalisimulia jambo hilo kwa fahari, na ni haki. Mji uliporudishiwa jina, ilitolewa amri na vibao vikabadilishwa. Mti unapopoteza jina hakuna amri inayotolewa, na hakuna anayejua siku lilipopotea.

Nifike sasa kwenye jambo linaloniuma.

Nkambo alikuwa ametupikia bukari na samaki wa moshi. Alipokuwa anakula alisema kwamba anangoja mvua zikamate, apate bowa, maana tangu mwaka jana hajala bowa wa kweli. Mimi, kwa mazoea mabaya niliyoyapata sijui lini, nikasema mbele ya watu wote: "Nkambo, kwa Kiswahili bora tunasema uyoga."

Hakukasirika. Aliweka tonge chini, akauliza: "Uyoga kani? Bowa iko mingi. Kuko tente, kuko kabansa, kuko busefwe. Mu Kiswahili yako banaitaka namna kani?"

Nilikuwa na neno moja tu, na nilikuwa nimeshalitumia.

Angalia kilichotokea pale. Mimi nilikuja na neno la kamusi, yeye alikuwa na mpango mzima wa kuainisha: uyoga upi unaota chini ya mti gani, upi unatoa maziwa ukiuvunja, upi unachemshwa kwanza na maji yake kumwagwa. Hao walioandika kuhusu uyoga wa sehemu zetu walilielewa hilo kabla yetu, kwa maana mmoja wa aina hizo jina lake la kisayansi ni Lactarius kabansus: walilichukua neno la Kibemba, wakalivika mwisho wa Kilatini. Mtaalamu wa mimea akiwa na shida ya jina alikwenda kwa akina Nkambo. Mwanafunzi wa lugha alikwenda kwa Nkambo kumsahihisha.

Jioni ile hakunisemesha sana. Alipotaka maji alimwita mdogo wangu. Alipotaka kusimulia jambo la zamani aligeukia upande wa mama. Usiku mama alinivuta pembeni akaniambia: "Unamufunga kinywa. Mutu muzima ukimusahihisha mara mbili, ya tatu atanyamaza." Tumesoma mengi juu ya namna lugha zinavyokufa: siasa za kikoloni, shule, miji, migodi iliyochanganya watu. Sikuwahi kufikiri kwamba mimi mwenyewe, mezani, sahani mbele yangu, ningeweza kuhesabiwa katika orodha hiyo.

Kesho yake tulirudi. Kwetu mwanaume hakai karibu na mama mkwe wake, ndivyo heshima ilivyo, kwa hiyo Nkambo hakuweza kukaa mbele karibu na baba. Aliketi nyuma dirishani, mimi nikiwa karibu naye. Tulipokuwa tumeshavuka Lufira tulikuta malori yamesimama mstari mrefu. Moja lilikuwa limelala katikati ya barabara na hakuna aliyejua litaondolewa saa ngapi. Baba alizima injini. Nkambo akasema miguu inamuuma, anataka kusimama. Nikamshika mkono, tukaingia hatua chache chini ya miti, mdogo wangu akitufuata.

Nilimwambia: "Nkambo, nifundishe majina ya hii miti."

Akajibu: "Shi ulisema ni muti tu?" Kumbe baba alikuwa ameshamsimulia mama, na mama akamsimulia yeye. Akacheka, na mimi nikajua kwamba nimesamehewa.

Niliyoyaona katika muda ule usiozidi saa moja nitayakumbuka kuliko mitihani yangu yote. Mwanamke asiyeona vizuri alikuwa anaitambua miti kwa mikono. Alipapasa gome lililokuwa linabanduka vipande vipande, akasema mubanga. Aligeuza jani, akalisugua upande wa chini penye manyoya mafupi, akasema mupundu. Mtoto alimletea tunda kavu aliloliokota, duara kama sahani ndogo, lenye miiba laini katikati. Kabla hajaliweka vizuri kiganjani Nkambo alisema mulombwa, akatueleza kwamba mti huo ukiukata unatoa maji mekundu kama damu. Halafu tukafika kwenye mti wenye gome nene lenye nyufa na majani mapana magumu. Mtoto akaruka: ulikuwa mti wake, ule wa swali la jana. Nkambo alipandisha mkono kwenye tawi, akagusa matunda, akasema: "Huyu ni musuku. Haujui musuku? Masuku hamukulaka?"

Tumekula masuku tangu utoto. Kila mwaka, mvua zikianza, tunayanunua sokoni kwenye mabeseni, tunafyonza ule utamu na kutema mbegu. Sijawahi hata siku moja kujiuliza yanatoka kwenye mti gani. Na jibu lilikuwa ndani ya neno lenyewe: mu-suku, ma-suku. Mti katika ngeli ya tatu, matunda katika ngeli ya sita. Ni somo la mwaka wa kwanza, muhula wa kwanza. Wengi wenu mmelifanyia mtihani kwa mfano wa mwembe na maembe. Nililijua somo kiasi cha kulifundisha, na bado nilipita mbele ya mfano wake hai nikasema "ni muti tu."

Mfano mwingine. Msitu huu wa Katanga, unaoenea mpaka Zambia, Tanzania na Msumbiji, wataalamu wa dunia nzima wanauita miombo. Neno hilo limo katika vitabu vya Kiingereza, vya Kifaransa na vya Kijerumani. Ni neno letu, tena ni wingi wa ngeli ya nne. Niliwauliza rafiki zangu watano wa darasa: umoja wake ni nini? Wanne walijua kukisia kwa kanuni. Mmoja tu alijua kwamba muombo ni mti fulani, na alikuwa hajawahi kuonyeshwa. Nkambo aliniwekea jani lake mkononi.

Bado tukiwa pale, alikuja kijana anayeuza makala kando ya barabara kutuuliza kama tunanunua. Nilimuuliza ni ya mti gani. Alinieleza bila kusita kwamba gunia hili ni la mutondo, lile limechanganywa na muombo, na kwamba ya mutondo yanakaa motoni zaidi. Aliniambia kwamba shule aliiacha mapema. Nilipopanda gari nilikuwa na mawazo mawili yanayopigana. La kwanza, kwamba huyu kijana ni msemaji bora wa lugha yake kuliko mimi. La pili, kwamba anayajua majina kwa sababu ndiye anayeikata, na miti ikiisha naye atatafuta kazi nyingine na majina hayatakuwa na kazi tena. Fikirini pia mukula. Hapa Lubumbashi kila mtu anajua neno mukula, hata asiyewahi kuingia porini, kwa sababu mbao zake nyekundu zilipata bei kubwa na malori yakazibeba mpaka ng'ambo. Mti wenye bei jina lake halikupotea. Mupundu hauna bei hiyo, na katika darasa letu hakuna aliyelijua jina lake.

Najua nitakayojibiwa, maana nimeshajibiwa.

Mwenzangu mmoja alisema: hiyo ni kazi ya watu wa mimea, si ya isimu. Isimu inashughulika na mfumo, si orodha ya maneno. Namheshimu, lakini nafikiri amesahau mfumo ulivyopatikana. Guthrie hakuandika Comparative Bantu kwa kufikiri tu, alitegemea maneno yaliyokusanywa kwa mamia ya lugha, mengi yakiandikwa na watu waliokaa chini kuuliza "hiki mnakiitaje?" Mfumo hauna pa kukaa pasipo majina. Tena majina haya yana mambo ya isimu ya kutosha kazi kumi za kumaliza masomo. Kwa nini sisi wa mjini tunasema "muti ya maembe" badala ya mwembe, tukitumia maneno matatu mahali ambapo lugha ilitupa moja? Je, tumeacha kabisa njia ile ya kuunda jina la mti kutoka jina la tunda, au bado inaishi kwa baadhi ya miti? Na musuku anaposemwa na Nkambo ndani ya sentensi ya Kiswahili, anasema "huyu ni musuku," si "huu." Kwa nini? Mimi sina jibu. Lakini swali zuri kama hilo sikulipata kwenye maktaba.

Mwingine alisema: Kiswahili chetu cha Katanga kimeharibika vya kutosha, na sasa ndiyo wakati wa kusimamia Kiswahili sanifu. Nchi yetu imeingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, UNESCO imeipa lugha yetu siku yake ya tarehe 7 Julai, na katiba yetu ya 2006 inaitaja miongoni mwa lugha nne za taifa. Wataka sasa turudi kwenye maneno ya porini?

Kiswahili sanifu ninakiunga mkono. Andiko hili nimeliandika kwa Kiswahili sanifu, au angalau nimejaribu. Lakini tujiulize hicho sanifu kilijengwa kwa nini. Kamusi zinanipa kidaka, kitale, dafu, koroma na nazi: majina matano ya tunda moja la mnazi, kwa kadiri linavyokua. Hakuna anayesema kwamba maneno hayo ni ya porini au yanaharibu lugha. Watu wa pwani waliishi kwa mnazi, wakaupa maneno, na maneno yao yakaingia kamusi kwa haki yote. Mimi sijawahi kuona dafu likikomaa mtini, lakini nimelisoma kwa ajili ya mtihani na nikapata alama. Sasa watu wa nchi ya juu, walioishi kwa miombo, kwa uyoga na kwa masuku, kwa nini wao ndio waambiwe kwamba maneno yao ni makosa? Lugha inayotaka kutumika kutoka pwani mpaka Kolwezi inahitaji maneno ya pwani na ya Kolwezi. Tukienda kwenye hiyo jumuiya mikono mitupu, tutabaki watu wa kusahihishwa tu, kama nilivyomfanya Nkambo.

Wa tatu alisema jambo zito zaidi, na sitaki kulipita haraka. Alisema: haya ni maneno ya Kibemba, si ya Kiswahili, ukiyaingiza katika Kiswahili unamsaidia nani, Kiswahili au Kibemba? Pengine unakimaliza Kibemba kwa kukichukulia vitu vyake. Nimelifikiria. Naona kwamba katika midomo ya watu hawa mipaka hiyo haiko pale tunapoichora. Nkambo alinitajia mubanga na mulombwa ndani ya Kiswahili chake cha Likasi, kwa sababu ndicho alichotumia kuwalea watoto wake. Jina likiandikwa vizuri, na pembeni yake ikaandikwa limetoka kwa nani, wapi na katika lugha ipi, halimwibii mtu. Linaloiba ni kutoandika. Watoto wa mama yangu tuko wanne, na hakuna hata mmoja anayesema Kibemba. Kama majina hayo hayatatufikia kwa njia ya Kiswahili, hayatatufikia kwa njia nyingine yoyote.

Lugha yetu ya mjini imewahi kupata wasomi wa kuitafiti. Edgar Polomé aliandika juu ya Kiswahili cha Lubumbashi katika miaka ya 1960. Baada yake wakaja Johannes Fabian na Walter Schicho. Walikuja kutoka mbali, wakasikiliza namna wafanyakazi walivyosema, wakaichukua kuwa lugha ya kusomwa na si kosa la kusahihishwa. Tunawasoma na tunawanukuu. Sisi ambao hatuhitaji viza wala tiketi ya ndege, ambao nkambo zetu wako mwendo wa nauli moja ya basi, tunasubiri nini?

Napendekeza mambo matatu, yote madogo.

La kwanza: kila mwanafunzi wa idara yetu anayekwenda likizo arudi na majina 20. Yawe ya miti, ya uyoga, ya samaki, ya mikeka, ya vyungu, vyovyote alivyovikuta kwao. Kila jina liwe na umoja na wingi wake, sauti ya msemaji iliyorekodiwa kwa simu, picha, mahali, na lugha ambayo msemaji mwenyewe anaitaja. Darasa letu lina wanafunzi 31. Likizo moja ingetupa majina 620 kabla ya kuondoa yanayorudiwa, na yanayorudiwa yenyewe yana faida, kwa sababu yanaonyesha jina limeenea mpaka wapi.

La pili: tuwaombe wenzetu wa kilimo watusaidie kutambua mimea yenyewe. Wao wana majani yaliyokaushwa yenye majina ya Kilatini, sisi tuna masikio. Jina lisilojulikana ni la mti upi halitamsaidia mtu baada ya miaka 20, na mti wenye jina la Kilatini tu hauwezi kuulizwa kijijini.

La tatu halihitaji hata simu: tuache kuwasahihisha watu wazima tunapokuwa wageni wao. Walimu wetu wana haki ya kutusahihisha darasani, ndiyo kazi yao na tunawashukuru. Lakini mtu akikukaribisha mezani na akasema bowa, jibu la mwanafunzi wa lugha ni kuuliza: "Aina gani?"

Nkambo sasa yuko nyumbani kwetu, Lubumbashi. Daktari amesema jicho la kulia linaweza kupasuliwa na kuona tena. La kushoto hakutoa ahadi. Tunangoja siku. Kila jioni, umeme ukiwapo au usipokuwapo, nakaa naye na daftari. Tumefika majina 43. Kati ya hayo, saba hana uhakika nayo. Anasema dada yake mkubwa ndiye aliyekuwa anayajua, na dada yake alifariki. Nimeyaandika hayo saba kwa penseli.

Mdogo wangu naye amejipa kazi: anakusanya majani yaliyoanguka njiani anapotoka shule na kumwekea Nkambo kiganjani. Mengi ni ya miti ya mjini, iliyoletwa kutoka nchi nyingine, na Nkambo anamwambia kwamba haijui. Mtoto hachoki. Juzi alimletea jani moja, Nkambo akalipapasa kwa muda mrefu, akalinusa, akanigeukia mimi: "Weye unasomaka. Hii ni ya nini?"

Nikamjibu kwamba sijui, ila kesho nitakwenda kuuliza.